Mtahiniwa Rosemary Dastan

Debe la kokoto halibebwi kwa ngata moja. Notburga alikuwa ameviringisha vipande viwili vya kanga kichwani, na bado shingo ilikuwa imezama mabegani alipofika kwenye uzio wa michongoma wa shule, saa nne kasoro asubuhi. Kila mzazi alipangiwa madebe sita ya kokoto za kusakafia darasa jipya, na hilo lilikuwa la tano. Wazazi wengine walinunua kwa waponda mawe, wakamaliza kazi. Sasa mponda mawe mwenyewe akanunue kwa nani? Za kuuza aliziponda mchana chini ya mlima, za shule aliziponda alfajiri, na kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakikuwa na ukucha tangu Pasaka.

Akalitua debe. Ndipo akasikia sauti ya mwanaye ikitoka darasa la sita.

Imaculata alikuwa darasa la nne. Notburga akasogea dirishani, dirisha lisilo na kioo wala wavu, akachungulia. Mtoto wake wa miaka kumi alikuwa amesimama juu ya kiti cha mwalimu, maana bila kiti mkono usingefika nusu ya ubao, anaandika hesabu ya mgawanyo mrefu. Mbele yake kulikuwa na wavulana walioanza kuota ndevu na wasichana wanaomzidi kichwa kizima. Mwalimu hakuwepo.

"Urban, umesahau kushusha sifuri," mtoto akasema bila kugeuka. "Futa. Anza tena. Hatuna haraka."

Na lile lijamaa likafuta.

Notburga akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga asipige kigelegele pale pale. Mungu wangu, wa kwangu huyo! Akabaki amesimama hadi hesabu ikaisha, akamwaga kokoto, akabeba debe tupu akarudi mlimani anacheka peke yake njia nzima. Watu wa Mjimwema waliokutana naye walidhani amepata mchumba.

Furaha ile ilidumu mpaka jioni. Walikuwa wanakula, ugali na likolo, mboga ya majani ya maboga, wawili tu, kama walivyokuwa tangu Bartolomeo afariki. Bartolomeo alikuwa mlinzi wa ghala la ushirika. Ghala lilipofungwa na wanunuzi binafsi wakaingia kila kijiji kununua mahindi, yeye alirudishwa nyumbani na barua ya shukrani, na mwaka haukupita akaondoka kabisa. Kitu alichomwachia mtoto ni jina lake.

"Mwalimu wenu wa hesabu alikuwa wapi leo?"

"Sokoni Mfaranyaki, kwenye mitumba yake," Imaculata akajibu. "Jumatatu na Jumatano mimi nafundisha la sita. Alhamisi la tano."

"Na wewe anakufundisha nani?"

Mtoto akaacha kutafuna. Ilionekana hajawahi kuulizwa swali hilo.

"Hakuna, mama. Mimi nimeshamaliza."

"Umemaliza nini?"

"Vitabu vyao."

Notburga hakulala vizuri. Alianza kukumbuka mambo. Zamani mtoto huyu alikuwa anamchosha kwa maswali: kama dunia inazunguka mbona maji ya kisima hayamwagiki, nani alihesabu nyota akajua ni ngapi, kwa nini jiwe moja linapasuka kwa nyundo moja na jingine linataka kumi. Alisoma magazeti yaliyofungia vitumbua, akasoma na nyuma yake. Siku hizi hakuuliza kitu. Alirudi shuleni, akateka maji, akakaa kwenye kizingiti akitazama barabara kama bibi kizee. Mtoto wa miaka kumi! Ile siyo adabu, Notburga akajiambia. Mtoto ananyauka.

Debe la sita alilipeleka kesho yake, kisha akabisha hodi ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Ima. Karibu. Kokoto zimetimia?"

"Zimetimia. Nimekuja kwa habari ya mtoto."

Mwalimu Egidi hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa kauli. Alimvutia kiti mwenyewe. "Mtoto wako ni lulu, mama. Tunajivunia."

"Nimemwona. Anafundisha."

Mwalimu akacheka. "Anatusaidia tu. Walimu wachache, mishahara yenyewe inakuja ikipenda. Siku hizi kila mtu ana mradi wake, si mnaona wenyewe? Tukimfukuza mwalimu wa hesabu kwa sababu ya mitumba, nitaletewa nani?"

"Silaumu, mwalimu. Nauliza yeye anafundishwa na nani."

"Yeye hahitaji sana. Anajua."

"Ndiyo maana nimekuja." Notburga alikuwa ameyapanga maneno haya tangu usiku, akayatoa moja moja. "Sare ikimbana mtoto, tunashona nyingine. Hatumwambii asikue. Huyu darasa limembana, mwalimu. Naomba apandishwe la saba, afanye mtihani, aende mahali penye vitabu."

"Mama, serikali haishoni madarasa kwa kipimo cha mtu mmoja. La nne mwaka mmoja, la tano mwaka mmoja. Waraka upo." Akaigonga droo ya meza, hakuifungua.

"Basi aazimwe hata vitabu vya sekondari."

"Vya sekondari viko sekondari."

Notburga aliinuka, akaaga, akarudi wiki iliyofuata. Akaambiwa yaleyale. Akarudi tena. Walimu walianza kumwita Mama Waraka, na yeye alisikia wakicheka nyuma ya mlango. Wacheke. Aliyezoea nyundo hakimbii vicheko. Mara ya tatu Mwalimu Egidi aliinuka akafunga mlango, akarudi akakaa, akapunguza sauti.

"Unajua mama, wewe ni king'ang'anizi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kuna msichana anaitwa Rosemary Dastan. Yuko kwenye rejista ya la sita, Januari anaingia la saba. Haji tena. Nasikia ameolewa huko Mbinga. Jina lipo, nafasi ipo, mwenyewe hayupo."

Notburga alielewa kabla hajamaliza. Nani asiyejua jambo hilo? Songea nzima ilikuwa imejaa watu wanaotembea na vyeti vya majina ya watu. Aliyefeli aliazima jina la aliyeacha shule, akarudia. Aliyezidi umri aliazima la mdogo wake. Kuna nesi hospitalini ambaye mama yake mzazi anamwita hivi, na mshahara unamwita vile. Wala hakuna aliyeona ni wizi, ilikuwa ni kama kuvaa koti la marehemu.

"Jina lake ni Imaculata Bartolomeo," Notburga akasema. "Baba yake hakumwachia kingine."

"Na atalirudia! Akimaliza chuo ataapa kwa mwanasheria, jina linarudi, yamekwisha." Mwalimu akainama mezani. "Mimi unayeniona, kanisani ni Egidi. Kwenye cheti ni Polikarp. Polikarp mwenyewe alikufa kwa surua tukiwa shule moja, na mimi nilikuwa nimefeli. Leo ni mwalimu mkuu. Niambie, nani ameumia?"

Notburga aliaga akatoka. Kwa padri hakwenda kuuliza, kwa sababu jibu la padri alilijua. Alikwenda nyumbani akamuuliza mtoto mwenyewe.

"Nikiwa Rosemary nitasoma?" Imaculata akauliza.

"Utasoma."

"Basi mimi ni Rosemary."

Fomu ya mtihani aliletewa Januari. Notburga alikuwa amesoma elimu ya watu wazima, tena cheti chake kilikuwa ukutani pembeni ya picha ya Bikira Maria, kwa hiyo asije mtu akasema alidanganywa kwa kutojua kusoma. Alisoma kila mstari. *Mimi, mlezi wa mtahiniwa aliyetajwa hapo juu, nathibitisha kuwa huyu ndiye Rosemary Dastan.* Akatia sahihi. Mwalimu Egidi akafungua rejista nyingine, akalitafuta jina la Imaculata Bartolomeo, akaandika mbele yake kwa wino mwekundu: *Amehama.*

Mwaka ule ulipita kwa kujifunza jina. Darasa la saba lote liliambiwa huyu anaitwa Rosemary, na wiki ya kwanza mtoto alichapwa fimbo mbili kwa kutoitika. Mwalimu mkuu alishauri nyumbani pia aitwe hivyo, lisije likamponyoka mbele ya wasimamizi. Notburga alijaribu. Alisema "Rose" kwanza, akakosea mara nyingi, akazoea. Mtoto alijitungia na sahihi ya kujaza kwenye fomu ya mtihani: herufi ya kwanza kubwa, na ya mwisho yenye mkia mrefu unaoshuka, unapinda, unarudi kupita chini ya jina lote. Aliipenda. Aliiandika ukutani kwa mkaa, na mama yake hakumgombeza, kwa sababu maswali yalikuwa yamerudi. Mtoto alikuwa anauliza tena, Mungu ashukuriwe, mpaka uji unaungua.

Mtihani ulifanyika siku mbili. Desemba majina yalibandikwa ubaoni nje ya ofisi ya elimu, na watu wakajazana kama wanagawiwa sukari. Notburga alipenya kwa viwiko. Hakuhitaji kutafuta, jina lilikuwa juu kabisa: Rosemary Dastan, wa kwanza wilaya nzima, amechaguliwa shule ya wasichana wenye vipaji maalumu, mkoa wa mbali, bweni. Sasa kile kigelegele alichokuwa amekizuia siku ile dirishani akakipiga, watu wakageuka.

"Mwanao?" akauliza mama mmoja.

"Mwanangu!"

Yule mama akalisoma tena lile jina, akamtazama Notburga miguu iliyojaa vumbi la mawe.

Jumatatu Notburga alifua, akavaa gauni lake la Komunyo, akaenda kuchukua fomu ya kujiunga. Mwalimu Egidi alikuwa anaandika. Hakunyanyua uso.

"Fomu imeshachukuliwa, mama."

"Imechukuliwa na nani?"

"Na mzazi."

"Mzazi gani, mwalimu? Mzazi si mimi?"

"Mzee Dastan. Alikuja Ijumaa na cheti cha kuzaliwa cha binti yake."

Mzee Dastan alikuwa na duka la jumla pale Mfaranyaki, na malori mawili ya kununulia mahindi vijijini. Notburga alilijua duka. Hakuwahi hata siku moja kulihusisha na lile jina la rejista, maana akina Dastan wako wengi, na binti wa tajiri ataachaje shule akaolewe Mbinga?

"Ulisema ameolewa."

"Nilisema nasikia. Kumbe alikuwa Njombe kwa shangazi yake. Amerudi." Mwalimu akaweka kalamu chini. "Watu wanarudi, mama. Nimzuie mtu asirudi kwao?"

"Lakini aliyefanya mtihani ni Ima! Wewe unajua. Darasa zima linajua."

"Darasa zima linamjua Rosemary. Na mlezi aliyethibitisha kwamba ni Rosemary ni nani? Sahihi ni ya nani?" Alisema taratibu, kwa sauti ileile ya siku alipomvutia kiti. "Ukipiga kelele, mama, unajishitaki. Udanganyifu wa mtihani ni jela. Mimi nitasema nililetewa mtoto na mlezi, nikamwamini."

Notburga alimtazama. Alitamani angekuwa na nyundo yake. Kisha akatoka, na miguu ikampeleka yenyewe ofisi ya elimu.

Pale alipanga mstari tangu asubuhi hadi saa saba. Afisa aliyempokea alikuwa mgeni, kijana kutoka mkoa mwingine, shati limepigwa pasi likasimama. Alisikiliza vizuri, tena kwa heshima. Akaomba uthibitisho. Notburga akampa cheti cha ubatizo.

"Hiki kinasema Imaculata Bartolomeo."

"Ndiyo, baba."

"Imaculata Bartolomeo hakufanya mtihani wowote. Kwa rekodi yetu alihama akiwa la nne. Alihamia wapi?"

"Hakuhama."

"Imeandikwa amehama. Aliyefaulu ni Rosemary Dastan, na Rosemary Dastan yupo, baba yake yupo, hakuna aliyelalamika. Sasa wewe mama unalalamikia nini hasa?"

"Mwiteni yule msichana. Mpeni hesabu moja tu. Halafu mpeni mwanangu."

Kijana akamtazama kwa huruma kidogo, akavuta karatasi. "Unataka niandike kwamba mwanao aliingia chumba cha mtihani kwa jina la mtu mwingine, na wewe ulisaini? Nikiandika hivyo lazima niwaite polisi. Niandike?"

Kalamu ikasubiri. Foleni nyuma ikaguna. Notburga akafikiria mtoto atalala kwa nani.

"Usiandike," akasema.

Siku tatu baadaye Mwalimu Egidi alikuja mwenyewe hadi nyumbani kwake, amevaa viatu vipya. Hakuingia ndani. Alisimama uani akisema kwamba mambo yote yana namna yake, kwamba hakuna anayependa mtoto apotee. Kwa sasa Imaculata hayumo katika rejista yoyote ya shule yoyote nchini. Kumwandikisha upya kunahitaji barua ya uhamisho kutoka shule aliyohamia, na shule hiyo haipo. Lakini yeye kama mwalimu mkuu angeweza kuandika kwamba amerejea, akaanza la tano Januari, kwa jina lake kamili, la baba yake.

"La tano," Notburga akasema.

"Kwa jina lake."

"Unataka nini, mwalimu?"

Alitaka kitu kidogo. Fomu ya kujiunga lazima ijazwe na mtahiniwa kwa mkono wake, na huko shuleni wangelinganisha mwandiko na sahihi na karatasi za mtihani. Mtoto aje dukani kwa Mzee Dastan, Alhamisi ijayo mchana, nusu saa tu.

Notburga alimfukuza. Alimwita mwizi, akamwita Yuda, akamwambia Polikarp wa watu amlaani huko aliko. Majirani walitoka nje kusikiliza. Mwalimu alisubiri amalize, akasema Alhamisi saa sita, akaondoka. Jumanne Notburga aliponda mawe. Jumatano akaponda mawe. Imaculata alikaa pembeni yake chini ya mlima, watoto wengine wakiulizana shule zitafunguliwa lini, naye akiwa na nyundo ndogo anapasua vipande vyembamba. Jioni ile akauliza swali moja tu.

"Mama, kama simo kwenye rejista, mimi nitakuwa naponda mawe mpaka lini?"

Alhamisi wakaenda.

Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa na magunia ya sukari hadi darini, na meza ndogo dirishani. Mzee Dastan aliwapokea vizuri, karibu mama, karibu sana, akaagiza soda nne. Alikuwa na aibu kiasi fulani, au joto. Binti yake alikuwa amekaa juu ya gunia, msichana mkubwa wa miaka kumi na sita, nywele zimesukwa upya, hajui aweke wapi mikono. Alimwamkia Notburga shikamoo. Notburga akaitika marahaba, maana mtoto wa watu hana kosa, na mdomo ukishazoea adabu haubagui.

Imaculata alijaza fomu kwa mwandiko wake mzuri. Jina. Tarehe ya kuzaliwa, wakamtajia. Jina la baba. Chini palikuwa na mistari mitano mitupu: *Eleza kwa nini unataka kusoma katika shule hii.* Mwalimu Egidi alikuwa amekuja na jibu kwenye kikaratasi, lakini mtoto alikuwa ameshaanza kuandika. Aliandika bila kusita, akajaza mistari yote mitano. Notburga alisoma kwa juu ya bega lake: *Nataka kusoma shule hii kwa sababu nimesikia kuna chumba kizima cha vitabu, na mtu akiuliza swali anajibiwa.*

"Inatosha," akasema Mwalimu Egidi.

Ikabaki sahihi. Mtoto akaitia, na ule mkia wake. Mwalimu akasema basi, na huyu naye lazima aijue, maana huko atasaini kila muhula, na mwenzake hatakuwepo. Mzee Dastan akachana karatasi ya kufungia sukari, akaiweka mezani. Binti akashuka kwenye gunia, akashika kalamu kama anashika kitu cha moto. Ya kwanza ilikuwa makorokoro. Ya pili vilevile. Akaanza kutokwa machozi, akasema baba, mimi siwezi, hata Njombe kwa shangazi niliwaambia siwezi kusoma.

Baba yake akapiga meza. Imaculata akamtazama yule mzee, akasogeza kiti chake karibu, akaweka mkono wake mdogo wenye magamba ya mawe juu ya mkono wa Rosemary.

"Usilie, dada. Siyo ngumu," akasema. "Shuka nayo, usikate. Hapa pinda, urudi. Usiogope, jina ni lako."

Wakaandika pamoja. Wakaandika tena. Notburga alikuwa amekaa juu ya gunia la sukari, soda mkononi, na moyo unamwambia nyakua mtoto wako ukimbie, na akili inamuuliza ukimbilie shule gani. Karatasi ilijaa upande mmoja, wakaigeuza. Ilipofika ya ishirini na kitu, Imaculata akaondoa mkono, na Rosemary akaandika peke yake, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo.

"Umeona?" Imaculata akasema. "Umeiweza."

Mwalimu Egidi alizishika zile mbili, ya kwenye fomu na ya kwenye karatasi ya sukari, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Akazitazama muda mrefu, akashindwa kuzitofautisha. Akaikunja fomu akaitia bahashani, na akamwambia Notburga amalizie soda, kwa kuwa chupa zinatakiwa kurudishwa.